Juu ya Majina Yahesabikayo na Yasiyohesabika

Mhadhara mbele ya walimu na wazazi wa Illasit

Mada niliyopewa, yaani matumizi ya majina yahesabikayo na majina yasiyohesabika katika sarufi ya Kiingereza, haina harufu ya pilau, wala sitawalaumu waliokuja kwa hisani zaidi kuliko kwa hamu. Lakini kwa kuwa ni jambo linalowanyima watoto wetu alama kila muhula, na kwa kuwa mimi mwenyewe lilipata kuninyima kazi, nimeona si vibaya tukilitazama kwa utulivu, na tukilitazama kutoka hapa tulipoketi, chini ya Mlima Kilimanjaro, karibu na mpaka wa Tanzania, badala ya kulitazama kutoka London.

Nilipokuwa nikija ukumbini nilipita sokoni, nikasimama mbele ya mama mmoja aliyetandaza maharagwe mekundu juu ya gunia. Nikamwuliza, "Mama, maharagwe haya ni pesa ngapi?" Naye hakunijibu bei, bali alinirudishia swali: "Unataka gorogoro au debe, mwalimu?" Nikasema gorogoro. Akalichovya lile kopo katika lundo, akalijaza mpaka kilele kikaanza kumomonyoka, akakikinga kwa kiganja cha mkono wa kushoto, akamimina katika mfuko wangu, kisha akachota konzi moja, akaitupia juu yake, akasema, "Na hiyo ni nyongeza, usije ukasema nimekupunja." Biashara ikaisha, tukaagana kwa amani, na baina yetu haikuhesabiwa hata punje moja.

Sasa tazameni ajabu iliyomo katika shughuli ndogo kama hiyo. Kwa sarufi ya Kiswahili maharagwe huhesabika bila taabu: haragwe moja, maharagwe mawili, na kuendelea mpaka ulimi uchoke. Kwa desturi ya soko hayahesabiki kabisa, na mtu ambaye angeomba auziwe maharagwe mia nne na kumi angedhaniwa kuwa hana akili timamu. Nyanya za Rombo na Kimana huwa kreti zikipakiwa lori la Nairobi, huwa fungu zikienda jikoni kwa jirani, na huwa nyanya mbili zikiazimwa na mtoto usiku duka limefungwa. Maji ya chemchemi za Nolturesh hububujika hapa kwetu bila hesabu, lakini mkazi wa Kitengela huyajua kwa mtungi wa lita 20, na aweza kukuambia ametumia mitungi mingapi tangu Jumatatu. Kitu ni kile kile. Kinachobadilika ni haja ya mtu na desturi ya lugha yake. Mkinishika hapa, mmeshanishika katika mhadhara wote, maana sina neno kubwa kuliko hili: kuhesabika si sifa ya kitu, ni mazoea ya lugha, na mtoto wa Kiswahili anayo mazoea hayo tangu utotoni, ila hakuna aliyemwonyesha.

Kiingereza nacho kina mazoea yake. Majina yake kimeyagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la majina yahesabikayo, kama "goat", "tomato" na "idea", ambayo yakiwa katika umoja hutanguliwa na kile kineno kidogo "a" au "an", yakiwa katika wingi aghalabu huvaa "s", na huulizwa kwa "how many". Fungu la pili ni la majina yasiyohesabika, kama "milk", "rice", "furniture" na "advice", ambayo hayataki "a" wala "s", na huulizwa kwa "how much". Kanuni yenyewe ndiyo hiyo, imekwisha, na mtoto mwerevu huikariri kabla kengele haijalia. Taabu haimo katika kanuni, imo katika orodha. Kwani nani atamwambia mtoto wa Illasit kwa nini wazo huhesabika kwa Kiingereza na shauri halihesabiki, ilhali yote mawili hutoka kichwani mwa mtu na hakuna aliyewahi kuyashika kwa mkono?

Wengi hudhani kwamba Waingereza wamelelewa juu ya kanuni hii kama sisi tulivyolelewa juu ya heshima kwa wazee. Hasha. Mtoto wa Kiingereza huyapata hayo kwa mama yake bila kujua kwamba ameyapata, na kanuni ikaandikwa kwa ajili ya wageni. Mdenmaki Otto Jespersen aliyapambanua mafungu haya katika kitabu chake juu ya falsafa ya sarufi kilichotoka mwaka 1924. Kisha A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, pamoja na wenzake Gatenby na Wakefield, akatunga kamusi iliyotolewa Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, ikachapishwa upya na Oxford University Press mwaka 1948. Na katika kamusi hiyo jina lihesabikalo liliwekewa herufi C, lisilohesabika likawekewa herufi U. Kwa hiyo ile herufi U inayowatoa jasho watoto wetu haikukusudiwa kuwa kiboko. Iliwekwa kwa huruma, kumsaidia mwanafunzi wa Kijapani ambaye lugha yake aghalabu haitenganishi umoja na wingi, naye alikuwa na haki ya kuuliza ni wapi pa kutia "s" na wapi pa kuiacha. Sisi tuliorithi kamusi tumeirithi herufi, na huruma tumeiacha njiani.

Niwaambieni kisa changu. Nilipomaliza shule, nikiwa kijana mwenye shati moja la kutokea, niliandika barua ya kuomba kazi ya ukarani katika ofisi ambayo sitaitaja. Niliiandika usiku kucha kwa taa ya chemni, na nilijivunia hasa sentensi moja, ambamo niliahidi kuzitunza "furnitures" na "equipments" zote za ofisi na kuzipokea kwa unyenyekevu "advices" za wakubwa wangu. Baada ya wiki tatu barua ilinirudia. Hapakuwa na neno lolote juu yake, wala karibu, wala kwaheri, ila kila "s" kati ya hizo tatu ilikuwa imezungushiwa duara la wino mwekundu, duara safi kama lililochorwa kwa bikari. Siku nyingi nilimchukia yule mtu asiyeonekana. Baadaye nikamchukia mwalimu wangu. Ilipita miaka kabla sijajua kwamba hakuna wa kuchukiwa, na kwamba zile "s" tatu hazikuwa ujinga. Zilikuwa Kiswahili fasaha kilichovaa suti ya kuazima.

Maana nilikuwa nimefikiri hivi. Kiti ni kifaa, meza ni kifaa, na vyote ni vifaa. Mwenye kusema vifaa amesema vingi. Samani, ambazo mafundi wetu huziita fanicha, huonekana moja moja: kochi hili, kabati lile. Mzigo ni mmoja, mizigo ni mingi, nami nimewahi kubeba mitatu kwa wakati mmoja kushuka kwenye basi la kutoka Emali. Mkate ni mmoja, mikate ni miwili. Kazi mbili, habari tatu, shauri na mashauri. Mwenye lugha hii akikutana na "furniture", "luggage", "bread", "work", "news" na "advice", akayahesabu, amefuata akili. Na ili mjue kwamba akili hiyo si ya Waafrika peke yao, mfikirieni ndugu yetu wa Goma, huko mashariki ya Kongo, ambaye mama yake humsemesha Kiswahili kama mama zetu, lakini shuleni hufundishwa Kifaransa. Yeye husema "des meubles" kwa samani, "des conseils" kwa mashauri na "des informations" kwa habari, zote katika wingi, na mwalimu wake humpa alama kamili, kwa sababu Mfaransa naye huvihesabu vitu hivyo. Watoto wawili, fikira moja, Kiswahili kimoja. Wa Goma amefaulu na wa Illasit ameanguka. Tofauti yao imeletwa na wakoloni wao tu.

Nakuja sasa kwenye sehemu ambayo ningependa mnisikilize kwa makini kuliko zote, nyinyi walimu hasa. Imekuwa desturi kusema kwamba Kiswahili hakina tofauti hii, kwamba kwetu kila kitu ni "nyingi" tu: watu wengi, maji mengi, vitabu vingi, sukari nyingi, na kwa hiyo mtoto hawezi kujua mahali pa "many" na mahali pa "much". Ni kweli kwamba -ingi haibagui. Lakini ligeuzeni jambo upande wa pili, upande wa uchache, mwone. Twasema watu wachache, vitabu vichache, siku chache. Je, twasema maji machache? Mwambieni mtoto wa darasa la pili aende akamwambie nyanya yake, "Bibi, nipe maji machache," na bibi atamwuliza amejifunza wapi kusema hivyo. Maji ni kidogo, uji ni kidogo, chumvi ni kidogo. Hakuna aliyetufundisha jambo hili kwa fimbo, wala sikumbuki kuliona likipewa ukurasa wake katika kitabu cha shule, na bado sikio la Mswahili halikosei. Vivyo hivyo katika kuuliza: watu wangapi, mbuzi wangapi, lakini maziwa kiasi gani, unga kiasi gani. Basi mpaka baina ya kihesabikacho na kisichohesabika umo katika lugha yetu. Ila Mwingereza ameulinda pande zote mbili, kwa "many" na "much", kwa "few" na "little", nasi tumeulinda upande mmoja tukauacha wa pili wazi. Mwenye kumfundisha mtoto "little" na "few" kupitia kidogo na -chache humfundisha kwa kitu alichonacho. Mwenye kumfundisha kwa kumwambia akariri orodha ya maneno arubaini humjengea mtoto nyumba nyingine ilhali ya kwanza ina vyumba vitupu.

Wala si hilo tu. Katika somo la Kiswahili, asubuhi ya siku hiyo hiyo, mwanafunzi huyu amefundishwa ngeli ya YA-YA, yenye maji na maziwa na mafuta. Ngeli ya I-I, yenye sukari na chumvi na amani. Na ngeli ya U-U, yenye unga na ugali na werevu. Nini maana ya herufi hizo kurudiwa? Ni kwamba jina la namna hiyo lina sura moja tu, halina umoja wa kugeuzwa kuwa wingi, yaani, kwa maneno ya Hornby, ni U. Mwalimu wa Kiswahili hutoka mlangoni na hazina hiyo mkononi, mwalimu wa Kiingereza huingia kwa mlango huo huo, na hakuna kati yao anayemnong'oneza mwenziwe.

Kuna jina moja ambalo kila mwaka huwachekesha wanafunzi na kuwakasirisha wazazi, nalo ni "money". Mzee mmoja alipata kuniambia, "Mwalimu, huyo Mzungu asemaye pesa hazihesabiki, mwambie aje nimpe zangu azihesabu." Nilimjibu kwamba Mzungu huhesabu shilingi na noti na sarafu, na "money" kwake ni ile mali kwa jumla, kama sisi tunavyohesabu mitungi na maji tukayaacha kuwa maji. Hakuridhika. Lau ningekuwa nimejitayarisha siku ile, ningemjibu kwa historia ya neno lake mwenyewe. Pesa ilikuwa sarafu: Sayyid Barghash wa Unguja alitoa pesa zake za shaba mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, na pesa 64 zilifanya rupia moja, kwa hiyo mtu wa zama zile aliposema ana pesa kumi alikuwa na vipande kumi vya shaba, basi. Vukeni mpaka hapo mwende Tarakea, mtasikia wenzetu wa Tanzania wakisema hela. Na hela nayo ilikuwa sarafu, hela 100 kwa rupia moja, katika fedha iliyowekwa na Wajerumani mwaka 1904. Baadaye sarafu zile zilikosa kazi, lakini majina hayakufa: yaliacha kutaja kipande cha shaba, yakaanza kutaja mali kwa jumla. Leo mtu akisema ana pesa nyingi au hana hela hamaanishi idadi ya vipande. Fedha nayo, tuliyoipata kwa Waarabu, asili yake ni madini ile nyeupe, ambayo hupimwa kwa mizani. Kwa hiyo Waswahili wa pande zote mbili za mpaka huu wamelichukua jina lihesabikalo, wakalifanya kuwa si la kuhesabika, na wamefanya hivyo karibu na enzi ya babu zetu. Mzee yule alikuwa akibishana na ulimi wake.

Na kwa kuwa tumo katika nchi ya wafugaji, haifai kunyamaza juu ya ng'ombe. Kiingereza kina "cow", ambaye ni mmoja na huhesabika, na kina "cattle", ambalo ni wingi mtupu lisilo na umoja wake. Huwezi kusema "a cattle", na mwanafunzi aandikaye kwamba babu yake aliuza "two cattles" amekosea mara mbili. Akitaka kuhesabu kwa neno hilo sharti aseme "two head of cattle", na hicho kichwa nacho hakivai "s", ingawa ng'ombe ni wawili na vichwa ni viwili. Neno "livestock" hali yake ni karibu na hiyo: halivai "s" hata kama boma limejaa. Wenyeji wa Kimaa hapa hawana haja ya kushangaa, maana kwao pia ng'ombe mmoja ni enkiteng' na ng'ombe wengi ni inkishu, maneno mawili yasiyofanana, na atakaye kujua zaidi na asome sarufi ya Kimaasai ambayo A. N. Tucker na Tompo ole Mpaayei waliitoa mwaka 1955. Asili ya "cattle" yenyewe ni neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya mali. Ng'ombe waliitwa kwa jina la utajiri, kama vile kwetu mfugaji akiulizwa mali yake hunyosha mkono kuelekea malishoni. Fauka ya hayo, wazee wengi wa Kimaasai hawapendi mifugo wala watoto wahesabiwe kwa kidole. Mchungaji jioni husimama langoni, hutazama rangi na pembe na mwendo, na hujua kwamba yule mwenye baka jeupe ubavuni hajarudi. Hajahesabu, na hesabu yake haina kosa. Nikimtazama mtu huyo ndipo ninapoona kwamba kisichohesabika hakikosi kujulikana.

Tuseme basi mtoto amejua kwamba "advice" haihesabiki. Atafanya nini akipewa mashauri matatu? Kila lugha imejitafutia njia ya kuchota kimoja katika kingi. Mwarabu huongeza kiishio: tamr ni tende kwa jumla, tamra ni tende moja. Kiswahili kina hila ya u-, ambayo kwangu ni miongoni mwa vito vya lugha hii: nywele zimejaa kichwani, na ule mmoja ulioanguka katika mchuzi ni unywele, kuni ziko jikoni, na kale kamoja ulikochomoa ni ukuni, ndevu na udevu, nyasi na unyasi. Mwingereza, asiye na kiishio wala kiambishi cha kazi hiyo, hutumia neno la kupimia, na lile alipendalo zaidi ni "piece": "a piece of advice", "a piece of furniture", "a piece of news". Lakini mkate huwa "loaf", sabuni huwa "bar", mchele huwa "grain", chaki huwa "stick", na mwanafunzi asiyejua hayo huandika "a bread" na "a chalk". Hapa sisi si maskini hata kidogo. Pwani walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba viwili vikawa kisaga, na visaga viwili vikawa pishi. Walipima pembe na karafuu kwa frasila. Tuna mche wa sabuni, jora la kitambaa, robota la pamba, tita la kuni, chane ya ndizi na mkungu wake, tonge la ugali, funda la maji, tone la damu, chembe ya chumvi, bunda la noti, ukufi wa mchele, na konzi ile ya yule mama wa sokoni. Mtoto ambaye amekwisha kujua kwamba hapaswi kusema tone la ugali wala tonge la damu amekwisha kujua nusu ya somo. Lililobaki ni kumwambia kwamba kwa Mwingereza hata shauri na kochi hupimwa kwa namna hiyo.

Kama mtaniuliza kwa nini Mwingereza amegawa majina yake hivi na si vile, nitawajibu kwamba mara nyingi hata yeye hajui. Ngano kwake haihesabiki, "wheat". Nafaka ndugu yake, "oats", ni jina la wingi. Zimelala ghalani pamoja na ukubwa wa punje unakaribiana. Zamani alikuwa na neno "pease", ambalo liliweza kutaja njegere kwa jumla bila kuzihesabu. Mnamo karne ya kumi na saba watu wakaisikia ile sauti ya mwisho wakadhani ni "s" ya wingi, wakaikata, wakapata "pea" moja ambayo haikuwapo tangu kuumbwa kwa lugha yao. Msiwacheke. Waarabu walituletea kitab, wingi wake kwao ni kutub. Sisi tukasikia ki- tukaiona kuwa yetu, tukapata vitabu. Gari la Mzungu likaja na "mudguard", tukaisikia madigadi, tukachomoa digadi moja. Na kutokana na "keep left" madereva wa Dar es Salaam wana kipilefti na vipilefti.

Tena hata katika Kiingereza mipaka hii si ukuta. Ingieni hoteli yoyote ya hapa mjini mtasikia mtu akiagiza, "Lete chai mbili na mandazi manne," na mwenye hoteli haulizi chai itahesabikaje, kwa kuwa chai hapo ni kikombe. Mwingereza husema vivyo hivyo, "two teas", na hakuna mwalimu wa kumzungushia duara. "Paper" ikiwa karatasi ya kuandikia haihesabiki, ikiwa gazeti au mtihani huhesabika. "Hair" ni nywele, lakini "a hair" ni ule unywele wa mchuzini. Mambo kama hayo hayafundishwi kwa orodha, hufundishwa kwa kusoma sana na kusikia sana, nami sina dawa nyingine.

Wako wataalamu wasemao kwamba "furnitures" na "equipments", kwa kuwa husemwa na watu wengi wenye elimu Afrika Mashariki, na Bara Hindi, na Nigeria, si makosa tena bali ni Kiingereza cha kwetu. Nawaheshimu, na huenda vitukuu wetu watawaona kuwa walisema kweli, maana ndivyo "pea" ilivyozaliwa. Lakini mtahini wa kidato cha nne hajazaliwa pamoja na vitukuu wetu, na mwenye kuajiri bado ana kalamu nyekundu. Rai yangu ni kwamba mtoto afundishwe lile linalotakiwa, aambiwe pia kwamba kosa lake lina akili ndani yake, na asichapwe kwa ajili yake.

Kwa hiyo nina ombi moja kwenu, walimu wa Kiingereza wa Illasit na wa vijiji vyote hapa mpakani. Kesho asubuhi, kabla hamjaandika ubaoni neno "uncountable", ambalo lina herufi nyingi na halina ladha, wekeni mezani gorogoro la maharagwe, mtungi wa maji na mkate mmoja. Kisha mwambieni mtoto yeyote asimame aseme, kwa sauti ya kusikika, "Nipe maji machache." Darasa likicheka, anzeni hapo.